Sekunde Mbili

Theluji ilipofika kwenye vizingiti vya madirisha
Ulukman alipelekwa Bishkek, damu yake ina maradhi,
na dawati letu likabaki na upande mmoja.
Mwalimu Burulcha akaja na kishikwambi cha mwanawe,
kioo kimepasuka pembeni,
akakiegemeza kwenye chupa ya jemu ya aprikoti
pale pale alipokuwa akiweka kiwiko.
"Huyu hapa," akasema. Basi.

Mtandao ulishika dirisha la tatu tu.
Tukahamisha dawati, tukahama na baridi yetu,
tukaliacha jiko la makaa kwa wengine.
Mimi nikawa mikono yake
na shingo yake pia: geuza, inua, sogeza kidogo,
ubao unang'aa, sioni.

Majina yakiitwa, zamu ikamfikia:
"Ulukman?"
Kimya.
Moja. Mbili.
"Nipo."
Sauti ilikuwa imepanda milima yote ile,
ikiingia imechoka, na theluji viatuni.
Wiki ya kwanza tulicheka.
Ya pili tulingoja.
Kufikia ya tano, hata sisi wenye miguu yetu
tukiulizwa saba mara nane
hakuna aliyemdakia mwenzake jibu mdomoni,
na mwalimu, ambaye rula yake ilikuwa nyepesi,
aliweka chaki chini akatazama nje.

Sisemi kilikuwa kitu kitakatifu.
Taalai alimzima sauti siku ya hesabu, eti anajua mno,
tukamwona akifumbua na kufumba mdomo
kama samaki kwenye ndoo.
Siku nyingine picha iliganda katikati ya mwayo,
tukasoma vita vya karne nzima mbele ya koo lake.
Na mimi nilimsahau.
Nilimlaza chali wakati wa mapumziko, nikaenda kurusha theluji,
nikarudi na vidole vinauma, sikumkumbuka,
kipindi kizima cha jiografia akaangalia dari.
Hakulalamika. Aliniambia tu
juu ya taa kuna doa la maji, umbo lake ni ziwa Song-Köl,
na buibui amejenga ufukweni.
Miaka sita nilikuwa nimekaa chini ya ziwa lile.

Siku za dawa alifunika kamera kwa kidole.
Tuliona wekundu, kama wa mtu anayeziba tochi,
na tulisikia pumzi.
Mwalimu aliendelea na sarufi kwa sauti ya chini,
vitenzi vikapita mmoja mmoja
kama watu wapitao mlangoni kwa mgonjwa.

Bwana mmoja wa wilaya alikuja na kamera yake.
Alitaka tukizunguke kifaa, tutabasamu, tunyooshe vidole.
Aliuliza kina programu gani.
"Kina mtoto," akasema mwalimu.
Bwana yule akaandika neno moja daftarini, akalikata.

Mwezi wa tano alirudi mwenyewe.
Kofia ya sufi hadi masikioni, na joto lile,
amerefuka, au amekonda tu, sikujua kupima:
kwa miezi mitatu urefu wake ulikuwa urefu wa chupa ya jemu.
Alikuwa na mgongo! Alikuwa na harufu, ya sabuni ya hospitali.
Taalai akainama karibu na uso wake, akapaza sauti:
"Unatusikia?"
kisha akawa mwekundu mpaka shingoni.
Ulukman akaisogeza chupa, akaweka kiwiko.
Akainua macho darini, akatafuta, akaridhika.

Majina yakaitwa.
"Ulukman?"
"Nipo."
Papo hapo. Mwalimu hajafunga hata mdomo.
Na darasa zima, makaa yakipasuka jikoni,
tukanyamaza,
moja, mbili,
tukingoja ifike.